Darubini Yetu Haikuwa Mbovu

Klabu yetu ya anga ina darubini moja tu yenye mota, na mwezi uliopita nusura tuitangaze marehemu. Ilikuwa inafanya kazi dakika kumi na tano, kisha mota zinanyamaza na boksi lake la umeme linakuwa la moto, huwezi kuliwekea mkono. Ukiizima ikapoa, inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja tulishawaalika wanafunzi wa sekondari ya jirani waje kuiona Zohali.

Kwa wasiojua, mota si urembo. Dunia inajizungusha, hivyo anga linaonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Ukikuza sana, sayari inatoroka machoni ndani ya dakika moja au mbili. Bila mota, kila mtoto kwenye foleni angelazimika kutafutiwa Zohali upya.

Kwenye kikao kila mtu alikuwa fundi. Mmoja alitaka tutoboe matundu, mwingine tufunge feni. Mweka hazina, kwa uchungu, akasema basi tununue bodi mpya kwa michango yote iliyobaki, yaani laki tatu na themanini. Lawama zote zikaenda kwa joto la Dar. Hapo nikakataa. Mwaka jana darubini hiyohiyo ilikesha nasi, Dar hiihii.

Nikaenda kwa fundi redio aliye nyuma ya hosteli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka bisibisi chini, shika mita kwanza. Kitu kikizima kwa joto kisha kikarudi chenyewe, mara nyingi hakijaungua, kinajilinda. Tafuta nani anakitesa."

Tukapima. Darubini imeandikwa volti 12, ila chaja tuliyokuwa tunaitumia ilitoa 19. Ile ya asili ilipotea zamani, ikawekwa ya kompyuta mpakato kwa sababu tu plagi iliingia. Nani aliiweka? Hakuna anayekumbuka, na kumsaka kusingepoza kitu.

Ndani ya boksi kuna kidude chenye namba 7805. Kazi yake ni kushusha umeme mpaka volti 5. Volti zinazozidi hakiziweki akiba, kinazigeuza kuwa joto. Piga hesabu: 19 toa 5 ni volti 14. Mita ilionyesha mkondo wa ampea 0.5. Zidisha, unapata wati 7 za joto kwenye kitu chenye upana wa kidole. Kikizidiwa, kinajizima chenyewe. Ndiyo zile dakika zetu kumi na tano.

Lakini mbona nusu ampea nzima? Mzee akaniambia nilegeze skrubu za kufungia darubini, niiachie taratibu. Ikaangukia nyuma. Kumbe tangu tuifunge kamera, mota zilikuwa zinabeba mzigo usiku kucha. Tukalisogeza bomba mbele kidogo kidogo mpaka likatulia lenyewe bila kushikwa. Mkondo ukashuka hadi ampea 0.3.

Tukaunganisha betri ya volti 12. Sasa 12 toa 5 ni 7, mara 0.3 ni wati 2.1. Kutoka 7 hadi 2.1, bila feni, bila tundu hata moja. Usiku huo ikafanya kazi saa mbili mfululizo, boksi likiwa vuguvugu tu. Jumamosi watoto wakaziona pete za Zohali, na mmoja akauliza kama tumebandika picha kwenye kioo.

Wanachuo wenzangu, tunaishi na vitu vinavyochemka: simu, chaja, pasi za kuazima, ekstensheni zilizounganishwa tatu tatu chumbani. Feni inaondoa joto, haiondoi sababu yake. Kabla hujachanga hela ya kitu kipya, soma kibandiko cha volti, kisha pima. Mita ya klabu iko kwa mweka hazina. Anaazimisha bure, ila uirudishe.