Dimbwi Ndani ya Chungu

Sanaa ya kukuza mti ndani ya chungu na kuuzuia usizidi kimo cha mtoto ilianza China, ikavuka bahari ikafika Japani, na huko ikapata jina la bonsai ambalo dunia nzima hulitumia leo. Watazamaji husifu shina lililopindika na matawi yaliyotandazwa kama mawingu. Wachache huinama kutazama chini ya chungu, kwenye matundu mawili matatu ambako maisha ya mti huamuliwa kila siku.

Maadui wawili huuvizia mti huu: kiu na maji. Kiu hufanya kazi yake hadharani. Siku moja ya jua na upepo yatosha kukausha chungu kidogo, na majani hukauka mbele ya macho ya mwenyewe. Maji yaliyozidi huua kwa siri, kwa majuma na miezi, na mara nyingi mkono uuao ni mkono wenye mapenzi. Ajabu ni kwamba dalili ya maradhi haya mawili ni moja. Mti wenye kiu hunyauka, na mti uliozama hunyauka vile vile, kwa kuwa mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukizungukwa na maji. Mtunzaji huona majani yamelegea, akachota maji, akamwagia. Kesho yamelegea zaidi, naye humwagia tena.

Sababu yake ni kwamba mzizi hupumua. Hutumia oksijeni iliyomo katika nafasi baina ya chembe za udongo, na nafasi hizo zikijaa maji hewa hukosa njia, maana oksijeni husambaa katika maji polepole mara 10,000 kuliko isambaavyo hewani. Ncha changa za mizizi, ambazo ndizo zinywazo, hufa kwanza. Kisha vijidudu vya jamii za Pythium na Phytophthora, vipendavyo udongo uliolowa, huingia na kuzila.

Wengi huamini kwamba chungu chenye tundu hakiwezi kutuamisha maji. Imani hiyo yavunjwa na sifongo la kuoshea vyombo. Likilowekwa hata likajaa, kisha likashikwa kwa ubapa, litachuruza maji kidogo na kuacha. Likisimamishwa wima litachuruza tena, ijapokuwa hakuna aliyelikamua. Ukubwa wake haukubadilika. Kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hufanya hivyo. Nafasi zake ndogo huyashika maji kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi, na chini kabisa ya chungu hubaki tabaka lililoshiba ambalo uzito wa maji peke yake hauwezi kulitoa nje. Kimo cha tabaka hilo hutegemea unene wa chembe za udongo, wala si kina cha chungu. Katika ndoo ndefu tabaka hilo ni sehemu ndogo, na mizizi hukaa juu yake kwa raha. Katika chungu cha bonsai, ambacho pengine kina chake ni sentimita 4 au 5, udongo laini wa bustani huweza kuwa dimbwi toka chini hadi karibu na uso.

Shauri la zamani la kutandika kokoto chini ya udongo laini halisaidii. Maji hayatoki katika nafasi ndogo kuingia katika nafasi kubwa mpaka udongo wa juu ushibe kwanza; kwa hiyo kokoto huliinua dimbwi na kulisogeza karibu na mizizi. Shauri hili limerudiwa mno vitabuni, wala kurudiwa huko hakukulifanya kweli.

Wajapani walilijibu jambo hili kwa chekeche. Udongo wanaoupenda ni akadama, udongo mwekundu wa asili ya volkano uchimbwao katika uwanda wa Kanto, ambao chembe zake hushika maji ndani na kuacha njia za hewa nje. Huchekechwa, vumbi likatupwa, na chembe za milimita chache zikabaki. Katika uwanda huo huo kipo kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa 1925 na wakuzaji waliohama Tokyo baada ya tetemeko kuu la 1923. Mvua ya tsuyu inaponyesha, Juni na Julai, mtunzaji mwangalifu huweka kipande cha ubao chini ya upande mmoja wa chungu. Chungu kikiinama, kimo huongezeka, na maji yaliyokataa kutoka hutoka: ni sifongo lile lile. Huko husemwa kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka mitatu, na mwenye kulicheka neno hilo hajawahi kuua mti.

Akadama yenyewe haidumu. Barafu na mizizi huivunja, na baada ya miaka michache hurudi kuwa tope. Ndiyo maana mti huhamishwa udongo kila baada ya muda, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Anayeshuku maji huchomeka kijiti udongoni, akakichomoa na kukitazama kabla ya kugusa ndoo. Mizizi iliyooza huwa myeusi na laini, ganda lake huteleza vidoleni, nayo hunuka. Lakini nyuzi nyeupe katika mizizi ya msonobari si uozo. Ni kuvu rafiki, naye aziondoaye kwa hofu huudhulumu mti.

Msonobari mweupe huchukia unyevu uliokwama kuliko miti mingi. Mmoja wa aina hiyo, ambao malezi yake huhesabiwa tangu 1625, ulikuwa Hiroshima katika bustani ya Masaru Yamaki, kiasi cha kilomita 3 kutoka mahali bomu lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945, ukasalimika. Mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa Marekani, na hata 2001 ndipo watunzaji wake wa Washington walipojua, kwa kutembelewa na wajukuu wa Yamaki, mti huo ulinusurika na nini.  Kila siku yuko mtu autazamaye udongo wake na kuamua kama umwagiliwe au uachwe.