Mbavu za Sinia na Mpira wa Kifua

Mafunzo ya kuigiza katika tiba ni yale ambamo mwanafunzi huuzoeza mkono wake kwenye kitu kisicho na uhai kabla ya kumgusa mgonjwa, na ingawa wengi huyahusisha na mwanasesere wa kufundishia uokoaji aliyetengenezwa na Åsmund Laerdal wa Norwe mwaka 1960, huku Mombasa bara mwandishi wa tawasifu hii aliyakuta buchani. Alizaliwa Likoni, akasoma Changamwe, akawa tabibu hadi alipostaafu. Hayo hayana haja ya kurefushwa. Linalostahili kuelezwa ni jinsi marehemu mwalimu wake, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alivyofundisha kutia mpira wa kifua, yaani bomba la kuondolea hewa au damu iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua.

Mwalimu huyo alinunua ubavu mzima wa mbuzi Kisauni (Ulaya hutumia hata nguruwe, jambo lisilofikirika huku pwani), akaulaza kwenye sinia, na chini yake akaweka mfuko wa plastiki uliopulizwa uwe pafu, kwani mifuko hiyo ilikuwa bado haijapigwa marufuku Kenya, kama ilivyokuja kuwa mwaka 2017. Mwanafunzi alipapasa ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu hupita kwenye ukingo wa chini, akakata, akapenyeza koleo lililofumbwa, akalifumbua ili nyama iachane, kisha akatia kidole kuhakikisha kwamba njia imefunguka na pafu halikushikana na ukuta. Mpira ulikuja mwisho. Mfuko ukipasuka, alianza upya.

Mkubwa mmoja wa kazi, ambaye hatatajwa, aliupenda mpira wenye chuma cha ncha kali ndani yake, akidai ni wa haraka. Ni wa haraka kweli, hata kufika kwenye ini, wengu au moyo. Mwandishi angali anashikilia kuwa kidole hakina badala yake, na vijana wanaoringia wanasesere wa bei wajue kwamba ukaidi wa nyama, na ule mlegeo wa ghafla utando wa ndani ya kifua unapoachia, hujulikana kwa mbavu.

Hata hivyo, mbuzi wa sinia hakohoi wala havuji damu, kwa hiyo aliyefaulu hapo bado husimamiwa na mkubwa wake kwa wagonjwa wa mwanzo. Tena majeruhi wa Likoni aliyetiwa mpira akivushwa kwa feri kwenda hospitali kuu kisiwani, chupa ya maji iliyounganishwa na mpira huo, ambayo huruhusu hewa itoke bila kurudi, ibaki chini ya usawa wa kifua chake, na mpira usibanwe njiani.