Rangi ya Saa Nane Usiku

Julai ya Nyeri ina baridi ya kupenya mifupa. Ukungu hushuka kutoka Aberdare, jua lisionekane siku nzima, na sisi wauguzi wa zamu ya usiku tulivaa sweta juu ya sare. Baridi hiyo ndiyo iliyonidanganya mwaka wangu wa kwanza kazini.

Nilikabidhiwa mama mmoja aliyewekewa flapu mguuni. Flapu ni ngozi inayohamishwa pamoja na mafuta yake, ikiachwa imeshikilia upande mmoja tu, yaani shina, ambalo damu hupitia. Usiku ncha yake iligeuka rangi ya zambarau. Niliigusa, nikaiona ya baridi, nikajiambia ni hali ya hewa. Nikamwongezea blanketi. Siku chache baadaye ngozi ile ilikuwa nyeusi, kavu, imekufa. Mama yule hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo nilimwandama daktari mpasuaji kwa maswali. Alinieleza kwamba mara nyingi flapu huuawa na damu iliyoshindwa kutoka. Ateri, inayoleta damu, ina ukuta mnene na msukumo wa moyo. Vena, inayoitoa, ni laini, hubanwa na bendeji, na uzi uliokazwa, hata na mgonjwa anayelalia shina. Ateri ikiziba, flapu hupauka na kupoa, na ukibonyeza, rangi hairudi. Vena ikiziba, flapu huvimba, na ukibonyeza, rangi hurudi upesi mno. Kwa ngozi yetu nyeusi macho hayatoshi: tumia mgongo wa vidole kupima joto, kisha choma kwa sindano. Tone jekundu likija taratibu, flapu i hai. Damu nyeusi ikibubujika, imekwama. Isipotoka kabisa, mwite daktari mbio.

Nilipenda pia kumsikia akisimulia kwamba Flying Doctors, huduma ya madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na Archibald McIndoe, Michael Wood na Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa kurekebisha ngozi na viungo, kazi hii hii yetu. McIndoe alikuwa amewatibu marubani walioungua vitani Uingereza.

Miaka ilipita, akaletwa mzee mmoja kutoka upande wa Othaya. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa imemchuna ngozi ya mgongo wa mkono, kano zikabaki nje. Juu ya kano tupu, ngozi ya kupandikiza haina pa kunyonya damu. Basi mkono ulishonwa kwenye flapu ya kinena, ile ambayo wapasuaji McGregor na Jackson waliieleza mwaka 1972, yenye ateri yake yenyewe. Angekaa hivyo wiki tatu.

Usiku wa pili, saa nane, aliniita: "Sista, mkono unabana."

Ncha ilikuwa zambarau. Safari hii sikugusa blanketi. Nilichoma sindano, damu ikatoka nyeusi, mbio. Nilikata bendeji, nikamgeuza, nikaweka mito chini ya kiwiko shina lisijikunje, nikampigia daktari. Alikuja akafungua nyuzi mbili. Nilikaa kando ya kitanda hadi alfajiri, nikibonyeza kila nusu saa.

Wiki ya tatu, kabla ya kulikata shina, daktari alilibana kwa mpira. Tulitazama saa ya ukutani, mzee akitutazama sisi. Nilibonyeza ncha. Rangi ikarudi polepole, na ngozi ilikuwa na joto.