Boksi Lilikuwa Kavu

Nilimuua mtoto wa paka kwa kutojua.

Walikuwa watatu, wameachwa kwenye boksi la viatu uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Lumumba, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Macho yalikuwa bado yamefumba. Nilimsubiri mama yao mpaka isha, hakurudi. Nikawachukua, nikanunua maziwa ya ng'ombe, nikawanywesha kwa bomba la sindano. Walinyonya kwa pupa.

Kesho yake boksi lilikuwa kavu. Keshokutwa vilevile. Nikafurahi. Nyumbani kwetu paka akizaa, pale alipolala huwa pasafi, basi nikadhani ndivyo walivyoumbwa. Matumbo yao yalikuwa yamekaza kama ngozi ya ngoma, nikasema wameshiba. Mmoja, mweusi, alilia usiku kucha. Nikamwongeza maziwa.

Asubuhi niliwapeleka kwa daktari wa mifugo, mama wa makamo. Yule mweusi alikuwa ameshakufa.

"Mwanangu, ulikuwa unawakojolesha?"

Sikuelewa swali.

Alichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akamlaza mmoja kiganjani, akawa anampangusa chini ya mkia, polepole, kama ulimi wa mama yake. Mkojo ukatoka. Ukaendelea kutoka mpaka akabadilisha pamba. Kisha ukafuata uharo mwembamba, kazi ya yale maziwa ya ng'ombe. Nilikuwa naitazama ile pamba ya njano. Hapo ndipo nilipojua kwa nini boksi lilikuwa kavu.

Mtoto wa paka wa chini ya wiki tatu hivi hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo haja itoke, na kinachotoka mama hukila. Ule usafi niliouona nyumbani ulikuwa kazi ya mama, na mimi nilikuwa nimeshika nafasi yake bila kuifanya kazi hiyo.

Wawili walipona. Nilibadilisha maziwa, nikachukua ya unga ya watoto wa paka, nikawa nawapangusa kila wanaponyonya, usiku na mchana, mpaka kinyesi kikawa cha njano, laini, chenye umbo. Walipofika wiki ya nne wakaanza kufukua mchanga wenyewe.

Ukiokota mtoto wa paka ambaye macho hayajafumbuka, mpashe joto kwanza, na pamba yenye maji ya uvuguvugu iwe karibu kabla hujagusa maziwa. Tumbo likikaza, usimwongeze. Mpanguse.