Nyota Zisizochoma

Mwaka juzi pango letu la Noeli lilishika moto. Sisi mafrateri tuliokuwa likizo nyumbani Ndama ndio tuliozungusha kamba ya taa za rangi juu ya majani makavu ya migomba, tukazificha vizuri, kisha tukaenda kunywa chai. Mwalimu, katekista wetu, ndiye aliyeona moshi. Alichomoa waya kwanza, halafu akamwaga dumu zima la maji. Kondoo wawili wa mbao waliungua. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba pango halitawekwa taa tena akiwa hai.

Mwaka uliofuata mmoja wetu alikuja na taa ya mezani, ile yenye nyuzi nyingi nyembamba zinazowaka kwenye ncha tu. Tuliifungua. Chini palikuwa na betri na kibalbu kimoja; nyuzi zote zilifungwa pamoja shingoni, vichwa vyake vikiitazama balbu. Juu hapakuwa na waya hata mmoja.

Uzi wenyewe ni plastiki angavu iliyovikwa ngozi nyembamba ya plastiki nyingine, inayopindisha mwanga kidogo kuliko ile ya ndani. Mwanga ukiigonga ngozi hiyo kwa mshazari wa kutosha, hautoki nje. Hurudishwa wote ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudishwa tena, hadi ncha. Asiyeamini ainue glasi ya maji juu ya macho yake, autazame uso wa maji kutoka chini: utang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mwaka 1854 John Tyndall aliwaonyesha watu wa London mwanga ukifuata mchirizi wa maji uliopinda, kwa sababu hiyo hiyo.

Nyuzi zetu zilikuwa fupi, hazikuzidi dhiraa moja. Tulitoboa matundu katika ubao uliopakwa rangi ya usiku, tukapitisha ncha, na kisanduku tukakiweka nyuma yake juu ya jiwe, mbali na majani. Hapo ndipo tulipojifunza. Nyuzi tulizokata kwa mkasi zilitoa nyota hafifu, maana ncha iliyochanika hutawanya mwanga. Tulipozikata upya kwa wembe mpya zikang'aa. Uzi uliokunjwa kwa nguvu ulivujisha mwanga kwenye kona. Mwingine ulikwaruzwa na msumari, nao ukawaka pale pale penye mkwaruzo, katikati ya anga pasipokusudiwa nyota. Tuliuacha.

Mwalimu alikuja jioni, tukamwamkia. Alitazama kwa muda mrefu.

“Frateri, umeme uko wapi hapa?”

“Hapa haupo, Mwalimu. Umeishia kwenye kisanduku. Huku unafika mwanga peke yake.”

Frateri mmoja alitaka kumsaidia kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha kwamba mwanga si mwili. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, kisha akaweka kidole kwenye ncha ya uzi, akakiacha hapo. Akahamia nyota nyingine, na nyingine. Tulimweleza kwamba hata wenye makumbusho hutumia nyuzi za namna hii kumulika vitu visivyostahimili joto. Akaomba kukishika na kisanduku. Kilikuwa na uvuguvugu.

“Kumbe joto liko huku,” alisema.

Mtoto mmoja wa kwaya akauliza kama hii ndiyo faiba ya intaneti. Ni ndugu yake. Mkongo wa Taifa, unaofika Mutukula na Rusumo mipakani mwa mkoa wetu, una nyuzi za kioo zenye unene wa kama unywele, na ndani yake mwanga huwaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde. Tofauti kubwa ni usafi. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba kinachoumaliza mwanga njiani ni uchafu uliomo ndani ya kioo. Kikisafishwa, mwanga huenda makumi ya kilomita. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Plastiki yetu isingefika hata mlango wa sakristia bila kufifia.

Usiku wa Noeli nyota ziliwaka hadi mwisho wa Misa. Mwalimu aliketi benchi la mbele, upande wa pango, na miguuni pake palikuwa na ndoo ya mchanga.