Sensa ya Meno ya Gurudumu

Kwetu Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, lugha ya sokoni ni Kibemba. Kiswahili huvuka maji pamoja na watu wa Kongo, kutoka Kilwa na Pweto, na fundi aliyetengeneza gari la mjomba wakati wa likizo ni mmoja wao. Nilikuwa mkalimani wao, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda chuoni kusoma Kiswahili.

Gari hilo hubeba abiria na samaki hadi Mansa. Lilipokaribia kusimama, pedali ya breki ilitetemeka na kuusukuma mguu juu, kisha gari likasogea hatua mbili tatu kupita pale mjomba alipotaka. Barabara yetu inapita sokoni. Hatua mbili tatu pale ni baiskeli ya mtu, au mtoto mwenye beseni kichwani. Siku nyingine taa ya ABS iliwaka, na mjomba aliiogopa taa hiyo kuliko kitu chochote. Kuna aliyemshauri ang'oe fyuzi. Mwenyewe alikwisha kununua kihisi kipya Mansa.

Fundi aliuliza swali moja: taa ikiwaka, pedali hutetemeka? Mjomba akafikiri. Hapana. Siku taa ikiwaka, breki ni shwari.

Kihisi cha gari lile ni sumaku na waya uliozungushwa, kimekaa karibu sana na pete ya chuma yenye meno. Kila jino likipita, umeme kidogo huzaliwa, na kompyuta huhesabu mipigo hiyo. Mafundi husema "sensa", nasi wanafunzi wa Kiswahili hucheka, maana sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu, kama ya Tanzania mwaka 2022. Lakini kidude hiki nacho kinahesabu! Meno yasipohesabika, kompyuta hudhani gurudumu limekwama, ikailegeza breki ili lizunguke. Ikigundua kwamba hesabu ni ya uongo, huwasha taa na kujitoa, na breki za kawaida hubaki. Kwa hiyo hatari yetu ilikuwa siku zile taa imezimika, namba mbovu inapoaminiwa.

Fundi akachomeka mashine yake, tukaendesha polepole uwanjani. Magurudumu matatu yalisoma kilomita 10 kwa saa. La mbele kushoto likasoma 0, na gari linatembea. Tulipoongeza mwendo, yote manne yakalingana. Kisha akapima ukinzani wa vihisi viwili vya mbele kwa mita. Vilikaribia kuwa sawa.

"Hii haikufa," akasema. "Iko mbali tu."

Nilipomtafsiria mjomba, alinitazama kana kwamba nimekosa neno. Fundi akakifungua kihisi. Pale kinapokaa, kutu ilikuwa imevimba na kukiinua, kikawa mbali na meno. Gurudumu likienda kasi, umeme bado ulitosha kusomeka. Likienda polepole, ulififia hadi kompyuta isiuone. Akakwangua kutu, akasugua kwa msasa, akapaka grisi kidogo, akakirudisha kilekile.

Tulijaribu tena kwa kilomita 10, kisha 5. Namba zote nne zilishuka pamoja, na pedali ikatulia. Mjomba akasimamisha gari mara sita au saba, bila kusema kitu. Wiki iliyofuata alimpelekea muuzaji wa Mansa kihisi kipya ndani ya boksi lake, akakibadilisha kwa pedi za breki na kuongeza pesa kidogo.