Deni la Miaka Arobaini

Rafiki yangu mmoja alinilipa nusu ya ujira niandike maisha ya marehemu baba yake. Miaka sita imepita. Kila tukutanapo huniuliza hali ya watoto wangu, wala hataji kitabu. Upole huo hunichoma kuliko matusi, nami hukimbilia kumfikiri Michelangelo.

Mwaka 1505 Papa Julius II alimwita Roma amchongee kaburi: jengo la marumaru la kuzungukwa pande zote nne, lenye sanamu zaidi ya 40. Mzee aliagiza fahari ya mauti yake angali hai, na kijana wa miaka 30 akakubali! Sijui nani kati yao alizidi kwa kiburi.

Michelangelo alikaa zaidi ya miezi minane katika machimbo ya Carrara akichagua mawe. Aliporudi, moyo wa Papa ulikuwa umegeukia ujenzi mpya wa Kanisa la Mtakatifu Petro, na fedha ziligeuka nao. Mchongaji alihamaki, akatoroka Roma mwaka 1506. Walipopatana alipewa dari ya Sistina aipambe kwa picha, akaimaliza mwaka 1512. Mwaka uliofuata Papa alikufa.

Deni likarithiwa. Mkataba ulifuata mkataba, na kaburi likazidi kupunguzwa. Mapapa wapya walimtaka kwa kazi zao. Warithi walimdai yao. Akashutumiwa kuwa amekula fedha za marehemu. Mwaka 1542 alilalamika kwa barua kuwa kaburi hilo limeufunga na kuupoteza ujana wake wote.

Lilisimamishwa mwaka 1545, limeegemea ukuta wa kanisa la San Pietro in Vincoli, na sanamu saba tu, nyingine kazi ya wasaidizi. Musa ameketi katikati, ndevu zinamshuka kama maji, vibao vya Amri chini ya mkono wake. Papa amelala juu yake, na jicho humpita. Hata mwili wake haumo. Umezikwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro.

Lakini mimi huwapenda zaidi watumwa wanne waliochongwa kwa ajili ya kaburi hilo wasikamilike, walioko Florence. Nimewaona pichani tu. Mmoja kichwa chake hakijatoka jiweni. Amekibeba kama mchukuzi abebavyo gunia.

Nina sura tatu zilizokwisha. Jumamosi nitampelekea rafiki yangu.